Ganda Lijijengalo

Yapo mambo machache katika elimu ya maumbile ambayo mtu akijaliwa kuyashuhudia mara moja hawezi tena kuutazama ulimwengu kwa jicho lile alilokuwa nalo awali, na kwangu mimi jambo la namna hiyo lilikuwa ni kutungika kwa ganda la kirusi ndani ya kibomba cha kioo, mahali pasipokuwa na uhai wowote. Hapakuwa na seli, wala damu, wala mkono wa fundi; palikuwa na maji, chumvi kidogo, na protini ya aina moja tu, iliyosafishwa kwa siku nyingi katika chumba cha baridi hata isibaki na mwenziwe. Vipande vya protini ile vilikuwa vikielea kila kimoja upande wake. Lakini chumvi ilipoongezwa vikaanza kutafutana, vikashikana, vikaachana, vikashikana tena, na baada ya dakika chache vilikuwa vimekwisha kuwa maganda kwa mabilioni, yenye nyuso na pembe zilizopangika kwa ulinganifu ambao mchongaji hodari hawezi kuupata. Kila ganda lilikuwa na upana wa nanomita 35 hivi, maana yake ni kwamba zaidi ya 28,000 yangeweza kupangwa bega kwa bega katika urefu wa milimita moja.

Wakati huo nilikuwa mtafiti wa baada ya udaktari katika mji wa Leeds, kaskazini ya Uingereza. Hali ya mtafiti wa daraja hii yastahili kuelezwa, kwa kuwa wengi wetu nyumbani hudhani kwamba mtu akishavishwa joho na kuitwa daktari wa falsafa safari yake ya kusoma imekoma, ilhali kwa hakika ndipo anapoanza kusoma bila ya kushikwa mkono. Si mwanafunzi tena, na mwalimu hajawa. Mkataba wake ni wa miaka michache na tarehe ya kwisha kwake imeandikwa siku ile ile ya kuanza. Hana darasa la kufundisha wala mtihani wa kungojea, na thamani ya siku zake hupimwa kwa jambo moja tu, nalo ni kama amepata kujua kitu ambacho hakuna aliyekijua jana. Ni hali yenye wasiwasi mwingi juu ya riziki, hasa kwa mtu aliyeacha wazee na wadogo zake mbali. Walakini ina uhuru ambao sijaupata tena katika maisha yangu, na kila nikikumbuka namshukuru Mungu kwamba niliupitia.

Mji wenyewe uliwahi kupata utajiri wake kwa sufu, na sufu ndiyo iliyouleta katika elimu hii. Katika miaka ya 1930 mwanachuoni William Astbury alikuwa akipitisha miale ya eksirei katika nyuzi za sufu ili ajue molekuli zake zimepangwa vipi, na katika jitihada ile akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kuionyesha dunia kwamba protini, ambayo kabla ya hapo wengi waliiona kama ute usio na umbo, ina mpango na ina sura. Nilipenda kuwaza, nikitembea katika mvua ile ya kaskazini isiyonyesha kwa nguvu wala isiyoanuka, kwamba sufu ya kondoo na ganda la kirusi vimekutana katika mji mmoja kwa sababu vyote viwili viliulizwa swali moja.

Kirusi nilichokwenda kukishughulikia ni kile kiletacho homa ya ini aina ya B, na sababu yangu haikuwa ya kitabuni peke yake. Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, alikuwa fundi wa majahazi huko Tanga, mtu wa kimo na wa sauti, ambaye hata uzeeni aliweza kuinua ubao wa mvule ulioshindwa na vijana wawili. Maradhi yalimjia kimya kimya. Macho yakageuka manjano, tumbo likajaa maji, na mwili ule ukanyauka katika msimu mmoja. Tuliambiwa kwamba ni saratani ya ini, na kwamba mzizi wake ni virusi ambavyo huenda vilikuwamo mwilini tangu utoto wake. Nilikuwa kijana, na jambo lililonitia simanzi zaidi ya kifo chenyewe lilikuwa ni kule kutojua: kitu kilikaa na mtu huyu miaka yote ya uhai wake, kikala chakula chake na kulala usingizi wake, na hapakuwa na mtu katika jamaa aliyejua hata jina lake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maradhi haya, na kwamba watu milioni 1.1 walikufa mwaka huo kwa sababu yake. Mimi katika hesabu hiyo humwona mmoja.

Sasa, mtu atauliza kwa nini kirusi kijisumbue kujenga ganda kwa vipande vingi vidogo vinavyofanana, badala ya kuwa na ganda moja kubwa. Jawabu lilitolewa mwaka 1956 na Francis Crick na James Watson, watu wale wale waliopata kuonyesha umbo la DNA miaka mitatu kabla, na jawabu hilo ni la hesabu ya kawaida. Kirusi ni msafiri mwenye mfuko mdogo sana. Maandishi ya urithi aliyonayo ni machache, na kila herufi ya maandishi hayo huchukua nafasi ndani ya ganda lile lile ambalo maandishi hayo ndiyo yanayotoa amri lijengwe. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kina herufi 3,200 hivi tu. Protini ya ganda lake ina asidi amino 183, na kila moja huhitaji herufi tatu ili iandikwe, hivyo protini moja yagharimu herufi 549. Na ganda kamili lina protini hizo 240. Kama kila moja ingelikuwa ya namna yake, kirusi kingehitaji herufi zaidi ya 131,000 kwa ajili ya ganda peke yake, mzigo ambao ganda lenyewe lisingeweza kuubeba. Basi hapana budi kiandike amri moja na kuirudia, na vipande vyenyewe viwe na maarifa ya kujipanga.

Kwamba vipande hivyo vina maarifa hayo ndani yao, bila ya msaada wa seli, lilikuwa limekwisha kuthibitishwa mwaka 1955 na Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams huko California, walipokivunja kirusi kinacholeta ugonjwa wa baka la tumbaku, wakatenga protini yake upande mmoja na RNA yake, yaani maandishi yake ya urithi, upande mwingine, kisha wakavichanganya tena, na kirusi kikarudi katika umbo lake la kijiti na katika uwezo wake wa kuambukiza jani. Huwezi kusoma habari ile, hata leo, bila ya kuhisi mshangao waliouhisi watu wa wakati ule. Kijiti hicho kina urefu wa nanomita 300, na protini zake, 2,130 kwa idadi, zimezunguka uzi wa RNA kama ngazi ya mnara. Aliyechora sura ya kijiti hicho kwa uangalifu kuliko wote alikuwa Rosalind Franklin, katika chuo cha Birkbeck mjini London, hata mauti yalipomchukua mwaka 1958 akiwa na umri wa miaka 37. Na kazi yake ikashikwa na mwenzake Aaron Klug, mzaliwa wa Lithuania aliyelelewa Durban na kusoma katika vyuo vya Afrika Kusini, ambaye mwaka 1982 alipewa Nishani ya Nobel.

Klug huyo na Donald Caspar ndio waliotoa, mwaka 1962, kanuni ya maganda yaliyo ya mviringo. Mvutano wenyewe ulikuwa huu: ukitaka kila kipande kiwe katika hali moja kamili na mwenzake, basi kwa sheria ya jometria huwezi kuvuka vipande 60, na vipande 60 hufanya nyumba ndogo mno kwa virusi vingi. Wao wakasema, wakipata mwangaza katika makuba ya msanifu majengo Buckminster Fuller, kwamba maumbile hayadai usawa kamili. Yanaridhia usawa wa karibu, ambao ndani yake kipande hujipinda kidogo, mahali pengine kikasimama katika kundi la watano na mahali pengine katika kundi la sita. Makundi ya watano huwa 12 daima, yasizidi wala yasipungue, kwa kuwa bila ya hayo uso hauwezi kujifunga. Na makundi ya sita huongezeka kadiri ganda linavyokua. Ganda nililolishughulikia lina makundi 12 ya watano na 30 ya sita, nawe msomaji waweza kupiga hesabu mwenyewe uone kwamba jumla yake ni 240. Nimefundisha kanuni hii mara nyingi tangu hapo, na kila mara hukuta katika darasa mtu mmoja au wawili ambao nyuso zao hubadilika hesabu inapotimia, nao ndio ninaowaangalia zaidi.

Lakini kanuni ya umbo hueleza nyumba iliyokwisha kujengwa, na haielezi ilijengwaje. Hilo ndilo lililonipeleka Leeds. Protini yetu haielei peke yake majini; huelea jozi jozi, na ganda la protini 240 ni ganda la jozi 120. Tuliitengeneza kwa bakteria waliotiwa jeni yake, tukaukata mkia wake ushikao RNA ili ibaki sehemu ijengayo tu, tukaisafisha, na kisha tukaitia katika kioo cha pande nne kilichopitishwa mwali wa nuru. Vipande vidogo hutawanya nuru kidogo sana. Maganda makubwa huitawanya kwa wingi. Kwa hiyo ukikitazama chombo kinachopima nuru iliyotawanyika pembeni, waweza kusoma kujengwa kwa maganda kama mtu asomaye kujaa kwa maji kwa alama zilizopigwa kwenye nguzo ya gati. Mwanzo mstari hukaa chini, kana kwamba hapana kitu kinachotukia, halafu hupanda kwa kasi, halafu hulala.

Kule kukaa chini mwanzoni ndiko kulikokuwa na siri. Jozi mbili zikishikana, kiungo baina yao ni dhaifu mno, na aghalabu huachana. Yatakiwa jozi tatu zikutane na zikae pamoja hata msingi upatikane, na tukio hilo ni nadra. Lakini likishatukia, jozi nyingine huja moja moja kwa haraka na ganda hukamilika. Nguvu ya kiungo kimoja ilikwisha kupimwa mwaka 2002 na watafiti wa Marekani, Pablo Ceres na Adam Zlotnick, nayo ni baina ya kilokalori tatu na nne kwa moli, yaani nguvu ndogo sana, ndogo hata mtu akiambiwa kwamba ndiyo ishikayo ganda la kirusi kinachoua watu hukataa kuamini. Siri ni kwamba kila jozi katika ganda lililokamilika imeshikwa na jirani wanne, na ganda zima lina viungo 240 vya namna hiyo. Dhaifu mmoja mmoja, imara kwa pamoja. Tena ganda likishajifunga halivunjiki kwa urahisi hata ukiliweka katika maji ambayo lisingeweza kujengwa ndani yake, maana ili jozi ya kwanza itoke sharti viungo vinne viachie kwa wakati mmoja.

Jambo ambalo lilinishughulisha miezi mingi ni lile litokealo kiungo kinapokuwa na nguvu zaidi ya kiasi. Ukiongeza chumvi, kiungo hukaza. Fikira ya haraka ingekwambia kwamba ganda sasa litajengwa vizuri zaidi. Na kweli mstari wa nuru huruka mara moja, bila ya kungoja. Walakini ukichukua tone la maji yale, ukaliweka juu ya kiwavu cha shaba, ukalitia rangi ya urani na kulitazama kwa hadubini ya elektroni, huoni maganda kamili peke yake. Waona mabakuli, na nusu bakuli, na vigae vilivyopindika, na maganda ambayo kipande kimoja kiliingia kwa upande usio wake na hakikupata tena njia ya kutoka. Misingi imekuwa mingi kuliko vipande. Kila msingi umenyakua jozi zilizokuwa karibu. Jozi huru zimekwisha majini, na nyumba zote zimesimama bila ya paa. Kwa kiungo dhaifu, jozi iliyokaa vibaya ukingoni hushikwa na jirani mmoja au wawili tu, hivyo huachia na kurudi majini, nafasi ikabaki kwa jozi itakayokaa sawa. Kwa kiungo chenye nguvu, kosa hubaki pale lilipoangukia.

Hapo ndipo niliponena na nafsi yangu juu ya mjomba. Kabla hajaugua alipata kunieleza habari za mtepe, chombo cha kale cha Lamu na visiwa vyake, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigiliwa misumari ya chuma. Akasema kwamba kamba ile, kwa kuwa yajua kulegea, huuachia ubao ujipinde na wimbi na kurudi mahali pake, na ndiyo maana chombo kilicholegea kilipita juu ya mchanga na kilichokazwa kikapasuka. Baadaye niliuona mtepe uliojengwa upya, ukiwa umewekwa katika Beit al-Ajaib huko Unguja, nikapitisha macho katika mishono yake yote kwa taadhima. Mfano huu una mpaka wake, nami sipendi kuuvuta zaidi ya hapo: kamba ya mtepe hukilinda chombo kilichokwisha kujengwa, na udhaifu wa kiungo cha protini huilinda kazi yenyewe ya kujenga, ingawa chombo kikikamilika kinakuwa kigumu. Lakini ulinifaa kwa sababu uliniondolea dharau iliyo katika neno udhaifu.

Mwalimu wangu wa huko, ambaye sitamtaja kwa kuwa ni mtu asiyependa kutajwa, aliendesha maabara yake kwa tabia ambayo sikuielewa upesi na ambayo leo naihesabu kuwa elimu kubwa kuliko ile ya chumvi na nuru. Virusi hivi hujenga maganda ya ukubwa wa aina mbili, lile la jozi 120 na jingine dogo la jozi 90, na ilikwisha kujulikana kwamba ukiufupisha mkia wa protini, protini ikabaki na asidi amino 149, hupata maganda madogo machache sana, ilhali ukiufupisha hata 140 maganda madogo huwa ndiyo mengi. Kwa nini asidi amino chache za mkia ambao hata haugusi jirani ziwe na hukumu kama hiyo? Maabarani palikuwa na rai mbili. Wengine walisema kwamba hukumu hukatwa mwanzo kabisa, katika msingi. Wengine kwamba hukatwa baadaye, ganda linapokata kona. Kila Ijumaa tulipokutana, mwalimu alimtaka mwenye rai ya kwanza aitetee rai ya pili, na mwenye rai ya pili aitetee ya kwanza, kwa hoja za kweli na vipimo vya kweli, na hakuridhika mpaka mtu awe ameieleza rai ya mwenzake vizuri kuliko mwenye rai mwenyewe. Kisha alimwuliza kila mmoja kipimo gani kingemfanya aiache rai yake. Aliyekosa jibu aliambiwa kwa upole kwamba bado hana rai, ana mapenzi.

Mimi nilitoka katika malezi ya elimu ambamo kusema jambo kwa uthabiti kulihesabiwa kuwa ndio kulijua, na mwanafunzi aliyebadili neno lake mbele ya watu alionekana kuwa amevunjika. Malezi hayo yana heshima yake, nami siyakani, yamehifadhi mengi. Lakini katika utafiti, niliona kwa macho yangu watu wawili wenye akili sawa na bidii sawa, mmoja akiishikilia dhana yake ya mwanzo kwa nguvu zote na kukusanya kila kipimo kuizunguka, mwingine akiziacha dhana zake ziende na kurudi mpaka mojawapo ishikwe na ithibati za pande nne. Na huyu wa pili, aliyeonekana mwepesi wa kuyumba, ndiye ambaye maneno yake hayakuhitaji kurekebishwa baada ya kuchapishwa. Nasema hili kwa vijana hasa, kwa kuwa miaka ya baada ya udaktari ni mifupi na mkataba humwandama mtu, na kishawishi cha kukaza mapema ni kikubwa. Hofu ya riziki ni chumvi kali.

Twende sasa kwenye dawa, maana huko ndiko elimu hii inakomgusa mgonjwa. Mtu angedhani kwamba njia ya kukishinda kirusi ni kulizuia ganda lake lisijengwe. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani walitangaza dawa iliyokuwa ikipunguza virusi vya homa ya ini aina ya B kwa kuishika protini ya ganda, na miaka miwili baadaye ikaonyeshwa Marekani kwamba dawa za jamii hiyo hazizuii ujenzi hata kidogo, zinauhimiza. Molekuli ya dawa huingia katika kijishimo kilichopo kwenye kiungo baina ya jozi na jozi, ikajaza nafasi iliyokuwa wazi, na kiungo kikakaza. Ganda hujengwa upesi mno, likatoka limepindika. Au, kwa dawa za kundi la pili, hutoka zuri kabisa kwa sura lakini tupu, kwa sababu limejifunga kabla RNA ya kirusi haijaingia. Na ganda tupu kwa kirusi hiki ni hasara isiyo na fidia, kwani ganda lake ni karakana pia: humo ndani ndimo RNA inamogeuzwa kuwa DNA, na nje ya hapo kazi hiyo haifanyiki. Nilipoifahamu habari hii barabara nilikaa kimya kwa muda mrefu. Adui aliyemwua mjomba wangu aweza kushindwa kwa kuharakishwa.

Na haikuwa homa ya ini peke yake. Ganda la kirusi cha UKIMWI lina umbo la pia, limejengwa kwa protini zipatazo 1,500, nalo pia, pamoja na umbo lake la ajabu, lina makundi ya watano 12 kamili. Kutokana na elimu ya viungo vya ganda hilo ilipatikana dawa iitwayo lenakapavia, ambayo hushika baina ya protini na protini na kulivuruga ganda katika kujengwa kwake na katika kufunguka kwake. Nayo hudungwa mara mbili tu kwa mwaka. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Uganda na Afrika Kusini kwa wasichana na wanawake vijana: katika 2,134 waliopewa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sijapata katika umri wangu kusoma tarakimu iliyonifurahisha kama sifuri ile. Waliojitolea kwa majaribio yale ni binti zetu, na haki yao katika matunda yake isiwe jambo la kuombwa.

Nisisahau chanjo, ambayo ni kongwe kuliko dawa zote nilizozitaja na bora kuliko zote. Baruch Blumberg, aliyepewa Nishani ya Nobel mwaka 1976, alikigundua kirusi cha homa ya ini aina ya B kwa kuifuata protini ngeni iliyokuwamo katika damu ya mtu wa asili wa Australia. Na protini ile ilikuwa ni ya vazi la nje la kirusi, ambalo hutengenezwa kwa wingi wa ajabu hata katika damu ya mgonjwa chembe tupu huzidi virusi kamili kwa maelfu. Chanjo ya leo ni chembe hizo tupu, zilizotengenezwa na hamira iliyotiwa jeni moja ya kirusi: protini hujikusanya yenyewe, mwili hujifunza kuijua, na ndani hamna kitu cha kuambukiza. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa maradhi kukaa naye maisha ni kiasi cha tisa katika kumi. Mtu mzima ni chini ya mmoja katika ishirini. Kwa hiyo chanjo inayodungwa katika saa 24 za kwanza za uhai ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na Shirika la Afya Duniani limeisisitiza kwa watoto wote tangu 2009, ilhali nchi nyingi za Afrika hazijaiweka katika ratiba zao. Jambo hili linanikera kuliko fumbo lolote la maabara, kwa kuwa fumbo lake limekwisha kufumbuliwa.

Kwa waliokwisha kuambukizwa, chanjo imechelewa, na dawa za ganda nazo hazijatosha. Wagonjwa waliozinywa katika majaribio virusi vilishuka katika damu yao, na walipoziacha vikarudi. Maana katika kiini cha seli ya ini hubaki mduara mdogo wa DNA ya kirusi ambao hauna ganda, na dawa ya ganda haina la kuushika. DNA ya mduara huo hufika kiinini ikiwa imebebwa na ganda hadi mlangoni, kisha ganda hufunguka na kuiachia.

Hivi karibuni alikuja kuniaga binti mmoja niliyemfundisha, naye amekwisha kupata udaktari wake na nafasi ya utafiti ughaibuni, katika jambo hili hili. Baada ya kunipa shikamoo na kuketi aliniuliza achukue nini. Nikamwambia asome kwanza makala ya 1956, halafu ya 1962, halafu aupime yeye mwenyewe mstari wa nuru kwa mkono wake hata kama wenzake wataona ni kazi ya kitoto, na kabla ya hayo yote asiguse habari za dawa. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema:

“Nitafanya hivyo, Mwalimu. Lakini kuna jambo sijalipata katika vitabu vyote ulivyonipa. Umetufundisha kwamba ganda likishajifunga halivunjiki kwa urahisi, kwa kuwa sharti viungo vinne viachie pamoja. Sasa likifika kwenye mlango wa kiini, nani hulilegeza?”

Tulikaa juu ya swali hilo mpaka adhana ya magharibi, tukachora na kufuta, na alipoondoka alikuwa na karatasi mbili: moja yenye rai yake juu ya ganda na mlango, na nyingine yenye kipimo ambacho kikimpa jibu la kinyume ataiacha.